Mrututu, Chumvi na Kuvu: Historia Nyingine ya Dodoma

Historia ya Dodoma tunayosimuliana ina vituo vyake vinavyojulikana. Kuna misafara ya karne ya 19 iliyokatiza Ugogo ikilipa hongo kwa watemi. Kuna reli ya Wajerumani iliyofika mjini mwaka 1910. Kuna karanga za Kongwa, kuna uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, halafu kuna mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhama kwelikweli na bei za viwanja zikapaa. Mimi ni mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya riziki yangu nimeipata kwa kuandika kuhusu kituo hicho cha mwisho. Lakini kuna historia nyingine ya uwanda huu ambayo haina mtemi wala waziri. Ni ya viumbe vidogo ambavyo vimekaa kwenye chumvi, ukame na sumu ya shaba, na vikaendelea kuishi. Nazungumzia kuvu.

Najua kuvu haina heshima katika lugha yetu. Mkate ukiota ukungu tunautupa. Mtu akiwa na fangasi anaficha miguu. Hata hivyo hamira inayoumua maandazi ya asubuhi ni kuvu, chachu inayogeuza maji ya zabibu kuwa mvinyo ni kuvu, na uyoga unaochomoza kwenye kichuguu mvua zikianza ni kuvu pia. Ni jamii kubwa mno kuiweka kwenye kapu moja la uchafu. Nikaanza kujiuliza: katika nchi kavu kama hii, hawa jamaa wanaishi vipi? Na wamefanya nini katika historia yetu bila sisi kuwaandika?

Tuanze na chumvi.

Magharibi ya mji wa Dodoma, ukifuata njia ya reli, unashuka kwenye bonde la Bahi. Mto Bubu unaingia humo ukitokea upande wa Kondoa. Kuingia unaingia, kutoka hautoki. Bonde la Bahi ni kama sufuria isiyo na mfereji: maji yanakuja na kila kitu yalichokokota kutoka kwenye miamba, jua linayachukua maji peke yake, na kilichobaki kinabaki. Kiangazi kikikolea, unaona ardhi imepiga weupe kama mtu aliyemwaga unga. Ile ni chumvi na magadi.

Wagogo waliijua mali hii zamani. Udongo wa juu ulikwanguliwa, ukawekwa kwenye kichujio, ukamwagiwa maji, yale maji yakachemshwa mpaka chumvi ikabaki chini ya chungu. Kazi ni ya mikono na kuni nyingi, na chumvi yenyewe ilikuwa bidhaa ya kubadilishana. Misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe haikuweza kuukwepa Ugogo, na shida yake kubwa humu ilikuwa maji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na watemi wa Ugogo walijua kabisa kwamba mwenye kisima ndiye mwenye njia. Hongo ilikuwa bei ya njia, lakini nyuma yake kulikuwa na kiu.

Sasa kiu hiyo hiyo ndiyo inayoua kiumbe mdogo kwenye chumvi. Hili lilinichukua muda kulielewa, kwa hiyo nitalieleza kama nilivyoelezwa. Chumvi haiichomi seli kama moto. Inaivuta maji. Ukikata nyanya ukainyunyizia chumvi, baada ya dakika chache sahani ina maji: yametoka ndani ya nyanya kufuata chumvi. Ndivyo inavyotokea kwa bakteria aliyetua kwenye ng'onda, na ndiyo sababu ng'onda haiozi upesi. Kwa kiumbe wa seli moja, kuwa ndani ya maji ya chumvi ni sawa na kuwa jangwani. Maji yapo, lakini hayanyweki.

Kuvu nyingi nazo hufa hapo. Ila zipo zilizopata jibu, na jibu lenyewe limesomwa vizuri zaidi kwenye hamira, ile ile ya maandazi. Ukuta wa hamira una vihisio vinavyotambua kwamba maji yanakimbia. Taarifa inapita kutoka protini moja kwenda nyingine, kama ngoma ya kijiji kwa kijiji, mpaka inamfikia mjumbe ambaye watafiti walimpa jina la Hog1. Njia hii ilielezwa mwaka 1993. Ndani ya dakika chache Hog1 anaingia kwenye kiini cha seli na kuamuru jeni fulani zifanye kazi. Kazi yenyewe ni kutengeneza gliseroli, kimiminika kitamutamu ambacho wengi tunakijua kwenye chupa za kupaka mwilini, "glisarini". Seli inajijaza gliseroli, inafunga mlango ambao gliseroli ingetokea, na maji yanaacha kukimbia. Sambamba na hilo, kuna pampu ukutani zinazosukuma sodiamu nje, na kuna kifuko ndani ya seli, kama ghala, ambamo sodiamu iliyopenya inafungiwa isilete madhara.

Kwa maneno mengine, kuvu haishindani na chumvi ya nje. Inajitengenezea uzito wake wa ndani ili mizani ikae sawa.

Zipo zilizofika mbali zaidi. Kwenye mashamba ya chumvi ya Sečovlje, Slovenia, Nina Gunde-Cimerman na wenzake waliandika mwaka 2000 kwamba kuvu nyeusi zinaishi humo kwenye maji ya chumvi kali, mahali ambapo wanasayansi walizoea kudhani ni makazi ya bakteria na jamaa zao tu. Maarufu kati yao ni Hortaea werneckii. Huyu anaweza kukua kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa na akakua pia kwenye maji yanayokaribia kushindwa kupokea chumvi zaidi. Weusi wake ni melanini, jamaa wa rangi iliyo kwenye ngozi zetu, iliyokaa kwenye ukuta wa seli na kusaidia kuzuia gliseroli isivuje. Nikiangalia picha za Sečovlje, zile nyanda nyeupe zenye matope, nafikiria Bahi. Chumvi ni chumvi, na kiu ni kiu.

Miaka ya 1950 uwanda huu ulipokea mgeni aliyekuja na kuvu zake. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, nje kidogo ya mji, walipanda mizabibu. Mvinyo ulihitajika kwa ajili ya misa, na hali ya hewa ilikubali: jua la kutosha, mvua chache zinazokuja kwa msimu mmoja, usiku wenye ubaridi kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Baadaye mizabibu ikafika gereza la Isanga, halafu vijijini: Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Makutupora, Chinangali. Serikali ikajenga kiwanda cha mvinyo, DOWICO, na kituo cha utafiti kikakaa Makutupora. Zabibu za Dodoma zikapata sifa ambayo wakulima wa Ulaya wangeitamani: zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena karibu na Agosti au Septemba.

Mtu wa Dodoma hakuhitaji mmisionari amfundishe kwamba kinywaji huchachuka. Pombe ya mtama na uwele ilikuwepo, na kila mpishi wa pombe alijua kwamba chungu cha jana ndicho kinachoanzisha cha leo. Ila hakuna aliyejua ni nini hasa kilichokuwa kikifanya kazi mle chunguni, na Ulaya nayo ilichelewa kujua. Louis Pasteur ndiye aliyewabana wakemia wa karne ya 19 mpaka wakakubali kwamba kuchachuka ni kazi ya kiumbe hai.

Na kiumbe huyo anafanya kazi katika mazingira magumu. Maji ya zabibu zilizoiva yana sukari gramu 200 na zaidi kwa lita. Kwa seli ya chachu, sukari nyingi hivyo ni kama chumvi: inavuta maji. Kwa hiyo jambo la kwanza chachu inalofanya ikitupwa kwenye pipa ni lile lile la kwenye chumvi. Hog1 anaamka, gliseroli inatengenezwa. Sehemu ya gliseroli hiyo inabaki kwenye mvinyo, na ukiuonja mvinyo ukahisi ulaini fulani ulimini, gliseroli nayo imechangia. Yaani msomaji, unapokunywa glasi ya Dodoma, unaonja pia namna kiumbe kimoja kilivyojiokoa na kiu. Mimi nililipenda hilo.

Tuje kwenye shaba, ambako mambo ni mazito zaidi.

Ukiingia duka la pembejeo mjini hapa utakutana na mrututu au dawa nyingine zenye shaba ndani yake, pamoja na salfa. Mrututu ni zile punje za buluu ambazo bibi zetu waliwekea vidonda. Kemia yake ni salfeti ya shaba. Namna ulivyogeuka dawa ya zabibu ni kisa kinachostahili kusimuliwa.

Ulaya ya nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa ikiagiza mizabibu kutoka Marekani ili kupambana na mdudu aliyekuwa akimaliza mashamba yake. Ndani ya shehena hizo ukaja ugonjwa mwingine, ubwiri vinyoya, ulioonekana Ufaransa mwaka 1878. Majani yanapata madoa ya kimafuta kwa juu na unyoya mweupe kwa chini, kisha yanapukutika. (Wataalamu wanasema kiumbe huyu si kuvu halisi, ni wa ukoo mwingine unaofanana nayo. Mkulima hana habari na ukoo, anachoona ni ukungu.) Mwaka 1882, Profesa Alexis Millardet wa Bordeaux alikuwa akipita kwenye mashamba ya Médoc akaona jambo la ajabu: mizabibu iliyo kando ya barabara ilikuwa na majani, ile ya ndani imebaki fito. Akauliza. Akaambiwa kwamba ile ya kando hunyunyiziwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili ionekane ya buluu na kutisha wezi. Wapita njia walikuwa wakichuma zabibu, na mwenye shamba akaona dawa ni kuwafanya waogope sumu. Millardet akafanya majaribio, akatangaza matokeo mwaka 1885, na dunia ikapata "mchanganyiko wa Bordeaux".

Kwa hiyo dawa iliyookoa mvinyo wa Ufaransa ilianza kama mlinzi wa shamba. Kuanzia hapo shaba ikamwagwa kwenye mashamba ya mizabibu mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi.

Shaba inaua kwa sababu seli inaihitaji. Kiasi kidogo ni chakula, vimeng'enya kadhaa haviendi bila hiyo. Kikizidi, inashikamana na protini ambazo haikupaswa kuzigusa na kuzalisha oksijeni kali inayounguza vitu ndani ya seli. Mlango ambao seli ingeufunga ni ule ule inaopitishia riziki.

Chachu za mvinyo zilikuwa humo humo mashambani na kwenye vyumba vya kukamulia, zikioga shaba pamoja na wabaya wake. Zilizokuwa dhaifu zilikufa. Zilizobaki zilikuwa na kitu fulani. Mwaka 1982 Seymour Fogel na Juliet Welch walionyesha kitu hicho ni nini. Hamira ina jeni inayoitwa CUP1, inayotengeneza protini ndogo iliyojaa salfa. Salfa na shaba zinapendana, kwa hiyo protini hiyo inaikamata shaba na kuifunga kama polisi na pingu. Hamira zenye ustahimilivu mkubwa hazikuwa na jeni mpya. Zilikuwa na nakala nyingi za jeni ile ile, zimepangana moja baada ya nyingine kama vyumba vya kupanga. Nakala nyingi, pingu nyingi. Tafiti za baadaye zimekuta kwamba chachu za mvinyo mara nyingi zina nakala nyingi hivi, na watafiti wengi wanalihusisha jambo hilo na mrututu wa mashambani. Hadithi inajirudia kwa salfa inayotumika kulinda mvinyo usiharibike: chachu nyingi za mvinyo zimekatika na kuunganika upya kwenye kromosomu zake, na pale zilipoungana pampu ya kutolea sumu hiyo imekuwa na nguvu zaidi.

Mimi nimesoma historia kwenye vitabu na kwenye nyaraka zilizoliwa na mchwa. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna nyaraka za aina hii. Miaka mia na zaidi ya kilimo cha Ulaya imeandikwa ndani ya kiumbe ambacho huwezi kukiona kwa macho, na kiumbe hicho sasa kinauzwa kikiwa kimekaushwa kwenye pakiti, kinasafirishwa popote penye pipa la zabibu.

Kuvu zina njia nyingine pia. Ukuta wa seli zake una vitu vinavyonasa metali kabla hazijaingia. Baadhi hutoa asidi ya oksaliki, ambayo inaigeuza shaba kuwa chembe zisizoyeyuka, na sumu inakosa makali. Nguzo za mbao za umeme, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, zimelowekwa kwenye dawa yenye shaba ili zisioze. Kuna kuvu za kuozesha mbao zinazojua mbinu ya asidi hiyo, na ndiyo sababu watengeneza dawa za mbao hawategemei shaba peke yake.

Sasa nije kwetu. Mama mmoja mkulima wa Mpunguzi aliniambia, akiwa na bomba lake la mgongoni pembeni, "Mwanangu, ukungu haulali. Mvua ikinyesha siku mbili na wewe hujapiga dawa, usihesabu zabibu." Nikamuuliza anapiga mara ngapi kwa msimu. Akacheka. "Mpaka hela iishe." Nikauliza kama anavaa barakoa. Akaniangalia kama mtu anayeuliza kama samaki anavaa viatu.

Siwezi kumlaumu. Zabibu ndiyo ada ya shule. Ubwiri ukiingia hakuna mnunuzi atakayekuonea huruma, na bei yenyewe kiwandani mkulima haipangi. Lakini jibu lake limekaa kichwani mwangu kwa sababu ya sifa moja ya shaba: haiozi. Dawa nyingine huvunjwavunjwa na jua na vijidudu baada ya muda. Shaba ni elementi, haivunjiki kuwa kitu kingine. Ukipiga leo, mvua ikiiosha kutoka kwenye majani inatua ardhini na kukaa hapo hapo kwenye tabaka la juu, wajukuu wako wataikuta. Mashamba ya zamani ya mizabibu Ufaransa na Italia yamelimbikiza shaba mara nyingi kuliko udongo wa kawaida, kiasi kwamba mazao mengine yanaweza kupata shida hapo, na minyoo ya ardhini inapungua. Umoja wa Ulaya umelazimika kuweka kikomo: tangu mwaka 2019 mkulima haruhusiwi kuzidisha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka saba, wastani wa kilo nne kwa mwaka.

Mashamba yetu ni machanga. Mizabibu ya Dodoma ina miaka 70 hivi, na mingi ni ya juzi tu. Ufaransa wameanza kuhesabu baada ya zaidi ya miaka 100 ya kumwaga. Sisi tunaweza kuanza kuhesabu mapema. Ongeza na hili: uwanda huu una chumvi yake tayari. Mtu yeyote aliyepanga chumba Dodoma anaijua birika yenye gamba jeupe ndani. Shamba linalomwagiliwa kwa maji ya kisima chenye chumvi, kwenye nchi ambayo mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 600, linajengeka chumvi taratibu, kama Bahi ilivyojengeka. Mzabibu utabanwa na chumvi chini na shaba juu. Kuvu zitapata njia, zimeshatuonyesha. Mzabibu hauna nakala kumi za CUP1, na yule mama hana hata moja.

Nisije nikaonekana naimba sifa za kuvu. Ustahimilivu si wema. Uwanda huu unalijua hilo kwa machungu.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya Ulaya iliyotoka vitani. Udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Hicho ndicho kisa tunachokijua. Kisa kisichosimuliwa sana ni cha karanga na kuvu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, na ndani yake kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu yake ikaitwa aflatoksini, kwa kuunganisha herufi za jina lake. Sisi tunaiita sumukuvu.

Huyu naye ni bingwa wa kiu. Anaota kwenye nafaka iliyo kavu kiasi ambacho bakteria wengi hawawezi. Ukame unapolitesa hindi shambani, joto likapanda na wadudu wakatoboa punje, yeye ndiyo saa yake. Mkulima anavuna, anaweka mahindi sakafuni au kwenye mfuko kabla hayajakauka sawasawa, na kazi inaendelea gizani. Katikati ya mwaka 2016, mwaka ule ule ambao sisi waandishi tulikuwa tukikimbizana na habari za serikali kuhamia Dodoma, watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Wagonjwa 68 walirekodiwa, na 20 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani yenye sumukuvu. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamepita njia hiyo mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, ambako walikufa watu 125.

Watu 20. Naandika namba hiyo kwa tarakimu kama nilivyozoea gazetini, lakini hawa walikuwa watu waliokula ugali jioni nyumbani kwao, kwa mahindi waliyoyalima wenyewe. Katika vituo vya historia ya Dodoma nilivyovitaja mwanzoni, mwaka 2016 una habari moja tu. Mimi naona una mbili.

Na sufuria ya Bahi ina jambo moja zaidi. Maji yale yale yaliyokokota chumvi yalikokota pia uranium kutoka kwenye miamba ya matale, yakaiacha kwenye tabaka za chokaa za bonde hilo kuelekea Manyoni. Miaka ya mwisho ya 2000 kampuni za utafiti wa madini zilikuja kuchimba mashimo ya kupima, na wanakijiji wakaanza kuuliza maswali kuhusu maji, mpunga na ng'ombe wao. Baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011 bei ya uranium ilianguka na pilikapilika zikapoa. Uranium yenyewe ipo pale pale.

Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, Geoffrey Gadd na wenzake walionyesha kwamba kuvu zinaweza kukua juu ya vipande vya metali ya uranium, zikaimung'unya kwa asidi zake na kuifungia kwenye madini ya fosfeti ambayo hayayeyuki kirahisi. Ni habari nzuri, na nimeona watu wakiishangilia kana kwamba kuvu zitatusafishia kila tunachochafua. Tuwe waangalifu. Kuvu haifuti metali. Inaihamisha, inaifunga, inaibadilisha sura. Chembe za uranium zinabaki zile zile, kama chembe za shaba kwenye shamba la Mpunguzi.

Ndiyo maana nadhani kazi ya kuanza nayo ni ya kizamani kabisa: kuandika. Mkulima aandike kapiga dawa gani, lini, kiasi gani. Udongo wa mashamba ya zabibu upimwe shaba na chumvi sasa hivi, ukiwa bado mchanga, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji badala ya kulala kwenye kabati. Mahindi yapimwe unyevu kabla ya kuingia ghalani. Bahi ipimwe kabla ya mtu yeyote kuja tena na mashine, ili siku hiyo ikifika wanakijiji wawe na namba zao mkononi.

Chachu haikuhitaji daftari. Iliandika ndani ya mwili wake, kwa gharama ya vifo visivyohesabika vya zile zilizoshindwa. Sisi tuna njia ya bei nafuu zaidi, kalamu na kipimo, na msimu wa mvua unaanza Desemba.